Diski Nne za Baba na Ubishi wa Hylke

Siku tuliyomzika kaka yangu Hylke, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema marehemu alikuwa mtu mvumilivu. Niliinamisha kichwa kama wenzangu, lakini moyoni nilikuwa nikibishana naye. Mchungaji wetu ni kijana, ana miaka miwili tu hapa kijijini, na Hylke aliyemfahamu yeye ni yule mzee wa kwenye kiti cha dirishani, aliyekuwa ameshachoka na ugonjwa. Mimi nilimfahamu miaka sitini na moja. Hylke hakuwa mvumilivu. Hylke alikuwa mbishi, na kwa sababu ubishi wake haukuwa na mwisho, watu wa mbali waliuona kama uvumilivu.

Naandika haya kwa ajili ya wanangu na watoto wao, kwa kuwa yeye hakuoa na hakuacha mtu wa kumwandika. Mungu anisamehe nikiandika kwa hasira kidogo. Nimekuwa nikimkasirikia tangu nilipokuwa na miaka minne, na sasa sijui hasira hiyo niipeleke wapi.

Kwa miaka thelathini na saba Hylke alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe. Hakuna zizi kati ya hapa na mji wa Dokkum ambalo hakuwahi kulala chali chini ya mabomba yake. Ng'ombe hangoji, kwa hiyo wakulima walimpigia simu saa kumi na moja alfajiri, na yeye alikwenda akiwatukana njia nzima, na alipofika alitengeneza kimya kimya. Akiwa na mashine alizungumza nayo kama mtu na mkwe asiyempenda. "Haya, bibie, leo unataka nini?" Nguo zake zilinuka dawa ya kusafishia mabomba hata siku ya Krismasi.

Alikuwa akiishi na Mama katika nyumba yetu ya zamani kando ya mfereji. Mimi nilikuwa nimeolewa nyumba ya nne kutoka hapo, na kila siku saa nne asubuhi nilikwenda kunywa kahawa nao. Kikombe kimoja, biskuti moja, kopo linafungwa. Ndivyo alivyotulea Baba.

Baba yetu, Folkert, alipiga kinanda cha kanisa kwa miaka arobaini na moja. Alikuwa mtu mpole, na mkono wake ulikuwa mgumu kama fundo la kamba. Bahasha za barua alizifungua kwa kisu, akazigeuza ndani nje, akazitumia tena. Aliandika kwa penseli tu ili aweze kufuta. Magoti yalipomshinda kupanda ngazi za roshani ya kinanda, alinunua kinanda kidogo cha umeme na kompyuta ya Atari iliyokwisha kutumika, akaviunganisha kwa waya, akaviweka chumba cha nyuma. Mashine ile haikuhifadhi sauti. Ilihifadhi kila kibonyezo alichokigusa, lini na kwa nguvu gani, na ukiiambia irudie, kinanda kinapiga chenyewe kana kwamba kuna vidole juu yake. Alivyopiga alivihifadhi kwenye diski, zile bapa za plastiki zinazoenea kwenye mfuko wa shati. Alipofariki, Oktoba mwaka 1991, aliacha diski nne. Juu ya kila moja alikuwa ameandika kwa penseli, na penseli ilikuwa imefutika.

Hapo ndipo Hylke alipofanya kosa lake. Yeye alikuwa na kompyuta ya PC, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alikwenda kwenye klabu ya kompyuta katika ukumbi wa shule. Masika yaliyofuata, mwalimu mmoja wa muziki aliyekuwa akihamia kusini aliulizia Atari, na Hylke akampa ile ya Baba. Durk, mpeleka barua wetu, ambaye naye alikuwa na Atari, alimwambia mbele ya klabu nzima, "Hylke, usitoe mashine kabla hujahakikisha unaweza kuzisoma diski zake."

"PC yangu inasoma chochote," akasema Hylke.

"Inasoma chochote ilichoandika yenyewe."

Watu walicheka. Jioni ileile mashine ikaondoka. Mama alipouliza, "Na Zaburi za baba yenu?" Hylke alimjibu, "Zimo kwenye diski, Mama. Utazisikia." Alilisema hilo mezani, Biblia ikiwa imefunguliwa mbele yake, maana sisi husoma sura moja baada ya kula. Neno lililosemwa mbele ya Biblia iliyofunguliwa, kwetu halirudishwi mfukoni.

Mama hakulisahau. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia daktari alisema halina mwaka. Vuli ya mwaka 1992 alitwambia anachotaka kwa siku yake ya kutimiza miaka themanini, tarehe ishirini Februari. Hakutaka shali wala safari. "Nataka nimsikie Folkert akipiga Zaburi ya arobaini na mbili, kama alivyokuwa akiipiga Jumamosi mchana. Kabla sikio hili halijafunga mlango."

Novemba Hylke alianza. Alikuwa amezoea kwamba kila mashine ina ufunguo wake, na akaamini kuna programu fulani, mahali fulani, ya kuifundisha PC kusoma diski ya Atari. Kweli zilikuwepo. Tatizo ni kwamba zilikuwa nyingi.

Ya kwanza aliipata klabuni. Akaiweka, akaingiza diski ya Baba, kisomeo cha diski kikakoroma kama mtu mwenye mafua, kisha kioo kikaandika kwamba diski haisomeki. Ya pili ilionyesha orodha ya majina ya mafaili, na majina yenyewe yalikuwa alama zisizosomeka, vijiuso vya kucheka na vipembetatu. "Hii imeona kitu," akasema Hylke. Haikuwa imeona kitu. Ya tatu ilitaka kuambiwa kwanza diski ina njia ngapi, zile duara zinazobeba maandishi, na kila njia ina vipande vingapi, na maelezo yake yalikuwa kurasa kumi na nne za Kiingereza. Alikaa na kamusi ya shule siku tisa. Akajaribu njia themanini, themanini na moja, themanini na mbili, vipande tisa, vipande kumi, akiandika kila jaribio kwenye daftari. Jibu lilikuwa lilelile. Ya nne ilikuja kwa posta kutoka kwa Mjerumani mmoja, na barua ya heshima ndani yake. Hiyo haikusema kitu kabisa, ilizima kompyuta.

Kila asubuhi saa nne nilisikia ripoti.

"Leo imesoma njia ya sifuri," alikuwa akisema.

"Njia ya sifuri ina nini?"

"Haina kitu. Lakini imeisoma."

"Hylke, mpelekee Durk."

"Kula biskuti yako, Jikke."

Durk alikuwa akipita mlangoni kwetu kila siku na mfuko wake wa barua. Hakuwahi kupita kimya. "Habari za mgonjwa?" alikuwa akiuliza dirishani. "Ameshafumbua mdomo?" Hylke alimjibu kwamba barua zimechelewa. Siku moja Durk akasema, "Bwana, mimi nina Atari nyumbani inashika vumbi. Dakika moja tu." Hylke alifunga dirisha. Hakulibamiza, alilifunga polepole mpaka komeo likalia, na nilijua kwamba hata angekuja malaika na Atari mkononi asingefunguliwa.

Ya tano ndiyo iliyotuumiza. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari. Programu ilijidai inatengeneza diski zilizoharibika. Ikauliza swali kwa Kiingereza, na Hylke, aliyekwisha kujibu mamia ya maswali ya namna hiyo, akabonyeza ndiyo. Kisomeo kikafanya kazi kwa ulaini, kwa mara ya kwanza bila kukoroma. Alifurahi. Kisha akaangalia, na diski ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ilikuwa imefutwa yote.

Nilipofika saa nne nilimkuta amekaa mikono juu ya magoti.

"Ziko tatu," akasema.

"Zilikuwa nne."

"Najua kuhesabu."

"Na kama Zaburi ilikuwa kwenye hiyo?"

 Alikuwa akisukuma kile kigingi kidogo cha plastiki kwenye kona ya kila diski iliyobaki, kinachozuia isiandikwe. Alisukuma cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akarudi kuvikagua. Jambo ambalo mtu yeyote angelifanya Novemba.

Mchana ule alimwambia Mama mwenyewe. Namsifu kwa hilo, maana mimi ningengoja. Mama alimtaka arudie karibu na sikio lake la kulia, akarudia. Mama akasema, "Basi bado tatu," akaendelea kumenya viazi. Hylke alitoka nje akasimama kwenye ukingo wa mfereji bila kofia, na ilikuwa baridi kali.

Kuanzia hapo hakuweza kusemeshwa. Ilikuja ya sita, ikaja ya saba. Mezani alisoma sura kwa haraka kama mtu anayesoma maelezo ya Kiingereza, mpaka Mama akamwambia, "Hylke, hilo ni Neno la Mungu, si mashine." Jumapili tu ndiyo tuliyopumzika. Jumamosi saa kumi na mbili jioni aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, na hakuifunua mpaka Jumatatu. Jumapili ya tarehe kumi na nne Februari nilimwona akipita mbele ya kitambaa kile mara nne. Hakukigusa.

Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, nilishindwa. Hylke alikuwa ameitwa zizini. Nilichukua diski moja, nikaifunga kwenye leso, nikapanda baiskeli mpaka kwa Durk. Nilimwomba Mungu anisamehe njia nzima, na upepo ulikuwa wa mbele, nikaona kama nimeshajibiwa.

Durk aliniangalia, akaangalia leso, hakutania. Aliitoa Atari kabatini, akapangusa vumbi kwa mkono wa sweta, akaingiza diski. Orodha ikatokea papo hapo, majina safi kabisa. La tatu lilikuwa Z42.

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Miezi mitatu," nikasema. "Durk, miezi mitatu na programu saba."

"Nane. Ya nane imekuja kwa posta jana, nimempelekea mwenyewe." Aliitoa diski, akaiinua kuelekea dirishani, kisha akachukua moja ya kwake akaishika sambamba nayo. "Dada Jikke, hebu angalia hapa. Unaona nini?"

Diski yake ilikuwa na tundu moja, kwenye kona ya kigingi. Ya Baba ilikuwa na matundu mawili, moja kila kona, na mwanga ulipita kwenye la pili.

"Baba yenu alizipata wapi hizi?"

Nilijua vizuri. Kwenye maonyesho ya kilimo kule Leeuwarden walikuwa wakigawa bure diski za matangazo ya mbegu za nyasi. Baba alipita kwenye banda lile mara mbili, mara ya pili akiwa amevua kofia ili asitambulike. Alibandua karatasi ya tangazo, akafuta mbegu, akaweka Zaburi.

Durk alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akanieleza taratibu. Tundu la pili ni alama ya diski za aina mpya, zinazobana maandishi mara mbili. Atari haina jicho la kuliona tundu hilo, kwa hiyo iliandika juu ya diski za Baba kwa mtindo wake wa zamani, na yenyewe ikazisoma bila shida. PC ina jicho. Ikiona tundu, inasema hii ni aina mpya, inaisoma kwa kasi ya aina mpya, na inakuta upuuzi. Hakuna programu ya kuiambia vinginevyo, maana inaamini jicho lake kuliko inavyoambiwa.

"Kama mtu fulani," nikasema.

"Sikusema mimi." Alifungua droo, akakata kipande cha selotepu chenye upana wa ukucha, akakibandika kwenye kifuniko cha kiberiti ili nikibebe. "Azibe tundu, basi. Halafu ile programu ya tatu, ile ya njia na vipande. Njia themanini, vipande tisa. Na usimwambie umetoka kwangu."

"Sisemi uongo, Durk."

"Sijakwambia useme uongo. Nimekwambia usiseme."

Alhamisi saa nne, Mama akiwa amemwaga kahawa, niliinua diski mbili kwenye mwanga wa dirisha, moja ya Baba na moja ya zile za klabu, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu kwa nini moja ina tundu moja na nyingine mawili. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya swali hilo nikiosha vyombo.

Hylke aliacha kutafuna. Alinyanyuka, akazichukua mkononi mwangu, akazitazama, akazigeuza. Nilimwona akigeuka mwekundu kuanzia shingoni.

"Tangu Novemba," akasema. "Tangu Novemba nimeangalia kioo. Sikuangalia kitu chenyewe hata siku moja." Kisha akasema neno la zizini ambalo sitaliandika, na kwa bahati lilimpata Mama upande wa sikio la kushoto.

"Ziba kwa kitu," nikasema. "Plasta, au selotepu. Hii hapa."

Aliangalia kifuniko cha kiberiti, akaniangalia mimi. Hakuuliza. Alikwenda chumba cha nyuma na kahawa yake ikabaki mezani, jambo ambalo Baba asingelikubali. Baada ya robo saa nilisikia kisomeo kikifanya kazi bila kukoroma, na nilishikwa na hofu kwamba kinafuta tena. Lakini alitoka mlangoni, akainua vidole vitatu kwangu, maana yake diski zote tatu, kisha akaweka kidole midomoni kwa sababu ya Mama.

Ijumaa aliunganisha PC na kinanda cha Baba. Alisikiliza mstari wa kwanza tu, sauti ikiwa chini kabisa, ili Mama asiupate kabla ya siku. Ulikuwa safi, alisema. Hakuendelea.

Jumamosi viti vilipangwa duara sebuleni, kama ilivyo desturi yetu ya siku ya kuzaliwa. Kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila mtu na kumpongeza, hongera kwa mama yako, hongera kwa jirani yako, hongera kwa shangazi yako, mpaka mikono ikauma. Durk alikuja na mke wake, akaketi mbali na Hylke. Keki ililiwa. Kisha Hylke akasimama na kusema, "Mama, ulichoomba," akafungua mlango wa chumba cha nyuma, na kiti cha Mama tukakisogeza mpaka kizingitini, sikio la kulia mbele.

Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Mikono yake Baba hasa, ule uzito wa kidole gumba. Katika mstari wa tatu akakosea. Kinanda kikanyamaza. Kikaanza tena mstari wa tatu, kikakosea palepale. Tena. Na tena, polepole zaidi. Tulielewa sote kwa pamoja kwamba hakuhifadhi Zaburi, alihifadhi mazoezi ya Jumamosi mchana, pamoja na vidole vyake vya uzee visivyoweza tena kupita pale. Wageni waliangalia sahani zao. Hylke alikuwa mwekundu kama jogoo. Miezi mitatu ya maisha yake, diski moja iliyokufa, na haya ndiyo aliyomletea mama yake mbele ya watu ishirini. Alinyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema Mama.

Alikuwa amefumba macho. Kinanda kikajaribu mara ya saba, ya nane. Mama akageuza uso kuelekea chumbani, akasema kwa ile sauti yake ya jikoni, ile ya kukereka kidogo, niliyoisikia kila Jumamosi ya utoto wangu:

"Folkert, pumzika basi. Kahawa inapoa."

Na kinanda kikanyamaza. Siwezi kudai muujiza. Faili lilikuwa limefika mwisho, nasi tulijua kwa nini Baba aliacha kupiga hapo.

 Mama alifumbua macho akaomba kipande kingine cha keki.

Jikoni, baadaye, mimi nilikuwa naosha na Hylke anafuta. "Ni Durk," akasema. Haikuwa na sauti ya kuuliza. "Wewe huwezi kuona tundu kwenye soksi uliyovaa."

"Alisema nisiseme."

"Hujasema."

Jumatatu alinunua mkate mzima wa sukari, akaupeleka kwa Durk. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi alikuwa amenuna; alisema kengele ya mlango ya Durk ilikuwa imekufa na ilibidi aitengeneze yeye, na waya wenyewe ulikuwa umefungwa na mtu mjinga. Nilimuuliza kama alimshukuru. Akasema, "Nimekwambia nimetengeneza kengele."

Mama alisikiliza mstari ule wa tatu kila Jumamosi mchana mpaka masikio yake yakafunga, na hata baada ya hapo Hylke aliendelea kuupiga, yeye Mama akiwa ameweka kiganja juu ya kinanda.

Sasa Baba, Mama na Hylke wamelala mahali pamoja. Durk, ambaye ni mzee kuliko Hylke, alishika kona ya mbele ya jeneza na hakukubali kupumzishwa. Diski ziko kwangu, kwenye kopo la biskuti. Kompyuta zangu za leo hazina hata mlango wa kuziingizia. Wiki iliyopita niliziinua kwenye mwanga. Selotepu imegeuka rangi ya chai, lakini bado imeshika.